Rezo Haikukatika Siku Ile

Papa Swedi aliuza vitenge Katoyi, mtaa wa Goma, kwa miaka mingi, na hakuna mteja aliyewahi kusikia hesabu yake. Mteja alisimama mbele ya meza, akataja bei, akalalamika, akaapa kwa watoto wake, akajifanya anaondoka, akarudi. Muda huo wote Papa Swedi alitazama barabara kama mtu anayengoja mvua ipite. Halafu alifungua kinywa mara moja, akatoa bei, na bei ile haikurudi nyuma. Wengine walisema muzee ana mashine kichwani. Wengine walisema ni dawa ya Kindu, maana babu yake alitoka Maniema na mizigo yake, na watu wa zamani hawakusafiri mikono mitupu.

Dawa haikuwepo. Kulikuwa na kanuni moja tu, na alimfundisha binti yake Shakila tangu kichwa chake kilipoanza kuonekana juu ya meza ya duka.

"Hesabu ni nguo ya ndani, mama," alimwambia, kwa maana ndivyo alivyomwita binti yake, kama baba wengi. "Kila mutu iko nayo. Lakini hakuna anayeianika barabarani."

Shakila alikua hivyo. Shuleni mwalimu akiuliza swali, wenzake walirusha vidole hewani, wakapayuka nusu ya jibu, na nusu nyingine wakaitafuta wakiwa wamesimama. Yeye alitazama dirisha. Walimu walizoea kumngoja, kwa sababu jibu lake lilipotoka lilikuwa zima, kama yai.

Baadaye alisoma mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, katika chuo kimoja cha mjini, na huko akapenda kuandika programu. Ukiitazama kazi hiyo kwa nje haina kitu: mtu ameketi, macho kwenye skrini, vidole vinatembea. Lakini ndani yake ni kumpa maagizo mfanyakazi asiyechoka na asiyeelewa mzaha. Ukimwambia "funga mlango" na hukumwambia mlango upi, atasimama pale mpaka kesho. Shakila alimpenda mfanyakazi huyo. Yeye hakuwahi kumuuliza Shakila kwa nini amenyamaza.

Chuo kikaisha, na kazi hakuna. Ofisi nyingi zilikuwa zimefunga, na zilizobaki zilikuwa na watoto wao wenyewe wa kuajiri. Aliiandikia famasi moja programu ya kufuata dawa zinazokaribia kuharibika, akatengeneza ordinatere za watu, akangoja. Akiwa bado anangoja, baba yake akapata depo ya kuwekea mizigo Bunagana, karibu na mpaka, vitenge vinapoingilia kutoka Uganda. Depo ilitaka mtu wa kuishi pale pale, mwenye kichwa na asiye na mdomo.

"Mutu huyo ni weye," alisema Papa Swedi.

Shakila hakuidharau Bunagana. Alishakaa kule likizo nzima kwa shangazi yake, akitazama malori yanavyobanana kwenye kizuizi. Ila alijua kwamba anayeingia biashara ya mpakani hatoki: leo kuna mzigo, kesho kuna mwingine, keshokutwa una mvi. Akaomba muda. Kampuni moja ya Lubumbashi, inayotengeneza programu za kufuata malori na mizigo, ilikuwa inatafuta watu, na watu hao wangeweza kufanya kazi wakiwa popote. Shakila na mwenzake wa chuo, Aubin, walikuwa wametuma majina yao, wakapewa jaribio la kuandika, wakapita wote wawili. Sasa ilibaki enteviu, mahojiano ya mwisho.

"Wakikuchukua, utabaki na ordinatere yako," baba yake alikata neno. "Wakikukatalia, mwezi ukiisha tunapanda gari pamoja."

Enteviu ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nyumba yao ni ya mbao, na nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga ya Papa Niyibizi, ambayo ikianza kunguruma hata vikombe vinatembea mezani. Shakila alifanya kama kila mtu wa Goma anavyofanya akitaka rezo ya intaneti imtoshe: alizima kamera. Kwa ajili ya mashine akazima na mikrofoni, ili aifungue tu anapotaka kusema.

Upande wa pili walikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa Madame Cirimwami, mkubwa wa timu, mama wa Bukavu aliyehamia Lubumbashi zamani. Mwingine ni kijana aliyeitwa Benny, ambaye kicheko chake kilifika kabla ya sentensi yake. Waliongea Kifaransa kilichochanganywa na Kiswahili. Walimfungulia ukurasa mweupe ambao wote watatu waliuona kwenye skrini zao. Hapo ndipo angeandika programu. Wakampa swali.

"Chukua muda wako," alisema Madame Cirimwami. "Lakini utuambie unachowaza."

"Nitawaambia, Madame."

Wala hakudanganya. Kwa mtu aliyelelewa na Papa Swedi, kumwambia mwenzako unachowaza ni kama kumpa bei: unampa ikiwa tayari. Alivua visikizio, kwa sababu nani anaweza kuhesabu huku watu wanapumua ndani ya masikio yake? Akatazama dirisha. Nje, jirani yao Mama Ange alikuwa anaanika nguo za watoto. Shakila alimtazama bila kumwona. Swali lilianza kufunguka pole pole, kama fundo la kamba ya mzigo. Akajaribu njia moja, akaitupa. Akajaribu nyingine, ikasimama. Akaipima huku na huku, akaizungusha, akaitafutia ufa. Alipoona haina ufa akarudisha visikizio, akafungua mikrofoni, na kwa raha kidogo akasema:

"Bon. Nimeipata."

Hakukuwa na mtu.

Kulikuwa na ujumbe tu. *Shakila, tumekuita sana. Tunaona rezo ya Goma imekukata. Pole, tunajua hali yenu kule. Tunakupa siku nyingine, Alhamisi, saa ileile.*

Aliusoma, akausoma tena. Rezo ilikuwa nzima. Siku ile ilikuwa nzima kuliko siku zote.

Kabla hajajua la kujibu, mama yake, Mama Fatouma, alikuwa ameshaingia na taulo la jikoni begani. "Wamesema nini?"

"Wamesema rezo imekatika. Watanirudilia Alhamisi."

Kila neno lilikuwa kweli, maana ndivyo walivyosema. Lakini maneno hayo yalipofika uani yalikuwa yameshavaa nguo nyingine, na yalipofika kwa Mama Ange yalikuwa na viatu. Jioni watu walikuja kumpa pole kama aliyefiwa. Rezo imemfanyia mtoto vibaya. Rezo haina huruma. Mama Ange alileta modemu ya mume wake, imefungwa kwenye kitambaa kisafi, akasema mume wake atakaa bila habari za mpira hiyo Alhamisi, hatakufa. Papa Swedi, ambaye hakuomba kitu kwa jirani tangu Shakila azaliwe, alizunguka ukuta kwa miguu yake mwenyewe, akamwomba Papa Niyibizi asimamishe mashine asubuhi hiyo.

"Alhamisi watu wengi wanaleta muhogo," alisema Papa Niyibizi, akikung'uta unga kwenye mikono. Kisha akafikiri. "Lakini mutoto wako ni mutoto wetu. Nitasimamisha."

Shakila alisikia maneno hayo kupitia mbao za ukuta. Parsele nzima, watu wa uani na majirani, ilikuwa inajipanga kupigana na adui ambaye hakuwa amefanya kosa.

Aubin alifanya enteviu yake Jumanne, na Jumanne hiyo hiyo akaja. Aubin ni mtu wa familia ya Bukavu, mrefu, mwenye maneno mengi kiasi kwamba chuoni walimwita Redio. Aliketi kwenye kibao cha mlangoni na chupa ya soda mkononi.

"Mimi nilisema, Shaki. Nilisema mpaka yule Benny akaacha kucheka. Nikawaeleza njia ya kwanza, ya pili, nikazilinganisha, nikatoa na mufano wa pirogi za Idjwi zinavyopishana ziwani. Madame ananiuliza, 'Aubin, utaandika saa ngapi?' Naangalia ukurasa: mweupe kama nguo ya komunyo. Na saa imeisha."

"Walikukatalia?"

"Na adabu kubwa. Wanasema nijaribu tena mwaka kesho." Alitabasamu, lakini ukucha wake ulikuwa unakwangua karatasi ya chupa mpaka ikatoka yote. "Weye angalau ni rezo."

Hapo Shakila akamweleza ukweli: visikizio, dirisha, nguo za Mama Ange. Aubin alimsikiliza akiwa amefunga kinywa, jambo ambalo hutokea mara chache.

"Nyamaza nayo," alisema mwishowe. "Muji huu, rezo inabeba zambi za watu wote. Kaka yangu, muchumba wake anamuuliza tarehe ya ndoa kwa simu, rezo inakatika. Kila mara. Na weye haukuomba kitu. Walikupa wenyewe. Ni kama mvua."

"Mvua haisimamishe mashine ya Papa Niyibizi."

Aubin alikunywa soda. Halafu akasema kwamba kwanza kuna jambo kubwa kuliko hilo: Alhamisi akinyamaza tena, hata rezo haitamwokoa. Lazima ajifunze kuwaza kwa kinywa.

Basi wakaanza. Aubin alimpa maswali, na kila Shakila alipotazama dirisha, aligonga kibao kwa chupa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko programu yenyewe. Mawazo yake yalizoea kutoka yakiwa yameoga na kuchana nywele. Sasa alitakiwa kuyatoa yakiwa bado na matongotongo. Aliona aibu hasa, aibu ya mwilini, kama mtu aliyesahau kufunga kitenge. Aubin alipoondoka alijifundisha peke yake jikoni, juu ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo.

"Nawasha moto. Naweka mafuta… hapana, mafuta ni ya mwisho. Kwa nini nilitaka kuanza na mafuta? Ju niliyaona kwanza. Bon, nayaacha. Sombe iko chungu? Sijue bado. Naionja."

Mama Fatouma alisimama mlangoni. "Uko unasema na nani?"

"Na mimi mwenyewe, mama. Ni ya kazi."

Mama Ange, aliyekuja kuomba chumvi, alifanya ishara ya msalaba pole pole. "Mama Shakila," alinong'ona, "kwetu kanisani kuna maji ya baraka. Hata kama muko Waislamu, hayaulizi."

Alhamisi ikafika. Asubuhi hiyo Katoyi ilinyamaza kwa namna ambayo Shakila hakuwahi kuisikia. Kupitia dirisha aliona akina mama wameketi juu ya mabeseni ya muhogo mbele ya mashine iliyozimwa, wanangoja. Mmoja alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na kumbembeleza, shh, shh, ili asilie. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, Papa Swedi alikuwa amerudi kutoka dukani akisema anatafuta kandambili zake, na alikuwa anazitafuta akiwa ameketi.

"Shakila, bonjour," alisema Madame Cirimwami. "Pole tena kwa rezo. Leo iko muzuri?"

Leo Shakila alikuwa amewasha kamera. Aliona nyuso zao mbili, na wao wakaona wake. Angesema tu ndiyo, Madame, na mambo yangepita. Neno lilikuwa mdomoni, limeshalowa mate. Nje, yule mama bado alikuwa anafanya shh.

"Madame, rezo haikukatika siku ile."

Chumba cha pili kiti kililia.

"Nilikuwepo," aliendelea. "Nilifunga mikrofoni ju ya kelele, nikavua visikizio, nikawaza. Nilipomaliza mulikuwa mumeenda. Kwetu tunawaza hivyo. Baba yangu ni mutu wa biashara, hesemi hesabu yake mpaka iishe. Nilifikiri ndiyo mulikuwa munaomba."

Benny alianza kucheka, akamwangalia mkubwa wake, akaacha.

"Kwa hiyo sisi tuko tunakuita kama mbuzi aliyepotea," alisema Madame Cirimwami, "na weye uko pale pale."

"Ndiyo, Madame."

"Na ju ya nini unatuambia leo? Tulikuwa tumeshakuamini."

Shakila alitafuta jibu zima, hakulipata, akatoa lililokuwepo. "Ju kuna watu hapa nje na muhogo wao. Mwenye mashine ameisimamisha. Jirani amenipa modemu. Wote wanagombana na rezo, na ni mimi. Siwezi kuanza kazi juu ya hiyo."

Madame Cirimwami alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Uso wake haukuonyesha kitu. Angefaa kuuza vitenge.

"Siku ya tatu haitakuwepo," alisema. "Leo nataka kusikia kichwa chako. Hata ujinga wake."

Swali lilikuwa hili: malori yanaingia katika depo na kutoka, kila moja lina saa yake ya kuingia na saa yake ya kutoka. Andika programu itakayosema ni wakati gani malori yalikuwa mengi zaidi ndani.

Shakila alivuta pumzi.

"Bon. Ujinga wa kwanza: nachukua kila dakika ya siku, nauliza, sasa kuna malori mangapi? Itafanya kazi. Lakini ni kama kuweka mutu mulangoni anayehesabu hata wakati hakuna kitu kinapita. Atalala. Naiacha." Akasogeza kiti mbele. "Namba inabadilika lori ikiingia ao ikitoka, basi. Kwa hiyo napanga hizo saa zote kwenye mustari mumoja. Anayeingia, naongeza moja. Anayetoka, naondoa moja. Na nakumbuka namba kubwa niliyofikia, na saa yake."

Vidole vikaanza kutembea. Alisema na kuandika, akasema na kufuta. Mara moja alikosea vibaya, akajisikia anakosea kwa sauti mbele ya watu wawili wa Lubumbashi na baba yake, na hakufa. Aliandika tena.

"Na lori moja ikitoka saa ine," aliuliza Benny, "na ingine ikiingia saa ine ile ile? Unaanza na gani?"

Shakila alifungua kinywa, akakifunga. Macho yake yakaenda dirishani yenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Halafu akashtuka.

"Niko naangalia dirisha," alisema. "Sijakatika."

Benny alicheka mpaka akakohoa, na hata Madame Cirimwami aliinamisha kichwa.

"Niko nawaza Bunagana," Shakila aliendelea. "Pale kizuizi ni kimoja. Lori ya ndani isipotoka, ya inje haiingie, hata dereva apige honi namna gani. Kwa hiyo anayetoka ndiye wa kwanza. Mimi niliandika kinyume." Akaanza kurekebisha, akasimama. "Lakini depo yenu siijue. Iko na mulango moja?"

"Mbili," alisema Madame Cirimwami. "Wa kuingilia na wa kutokea."

"Basi dakika hiyo zote mbili zinaweza kuwa ndani." Shakila alifuta alichorekebisha. "Narudia nilivyoandika mwanzo. Tofauti ni kwamba sasa najua ju ya nini."

Saa iliisha akiwa hajaandika mstari wa mwisho. Madame Cirimwami alisema aksanti, wiki ijayo utapata jibu. Skrini ikarudi kuwa picha ya kawaida.

Shakila hakwenda kwanza kwa baba yake. Alitoka nje, akazunguka ukuta, akamweleza Papa Niyibizi kila kitu mbele ya akina mama wa muhogo. Papa Niyibizi alimsikiliza huku ameshika mkono wa mashine.

"Kwa hiyo nilisimamisha bure?"

"Hapana, papa. Kelele ilikuwepo kweli. Ila haikuwa ni yenyewe iliyonikatisha."

"Kelele yangu naijua," alisema, na alionekana ametulia kidogo kusikia mashine yake haikukosa kabisa. Akaiwasha. Akina mama wakasimama wote kwa pamoja.

Aliporudi nyumbani, Papa Swedi alikuwa mlangoni. Kandambili alikuwa amezivaa.

"Ulikosea mbele yao," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Nilikusikia. Ukasema mwenyewe kama umekosea."

"Ndiyo."

"Na hawakukufukuza."

"Bado, papa."

Alitikisa kichwa, akaenda dukani, na hakulitaja jambo hilo tena siku zote zilizofuata. Mwezi ulikuwa unaisha. Marobota ya vitenge yalipangwa uani kwa safari ya Bunagana, na juu ya marobota Mama Fatouma akaweka begi la Shakila, nguo zimekunjwa vizuri, maana ahadi ni ahadi. Siku ile ya kusafiri dereva alikuwa ameshafika, anakunywa chai amesimama, wakati simu ya Shakila ilipolia mlio mfupi.

Alisoma ujumbe. Safari hii hakuungoja uwe mzima kichwani mwake.

"Wanasema… wananichukua. Ngoja. Ni kwa majaribio kwanza, miezi mitatu. Wanasema nilichelewa kumaliza. Wanasema nianze Jumatatu."

Mama Fatouma alishika taulo lake kwa mikono miwili. Dereva akasema Mungu mkubwa, akaongeza sukari. Papa Swedi alipanda juu ya marobota, akashika begi la binti yake, akalishusha mwenyewe na kuliweka kwenye kibao cha mlangoni. Kisha akabaki amesimama pale mlangoni, anatazama barabara, na wote walijua kwamba anahesabu, na kwamba wangeona tu matokeo yake.

"Sasa depo," alisema Papa Swedi. "Naweza kutuma Rachid wa dukani."

Mama Fatouma aligeuka.

"Lakini Rachid analala sana," aliendelea muzee, bado macho yake yako barabarani. "Mwenzake Idrissa, tuseme. Idrissa ana bibi mupya, hatakubali kukaa kule. Ao akubali, lakini kila siku atataka kurudi… Hapana. Hiyo ni mbaya. Naiacha."

Dereva aliacha kukoroga chai. Shakila alimwangalia mama yake, na mama yake akaweka kidole mdomoni, ili mtu yeyote asijibu, wasije wakamkatisha.

"Ngoja kwanza," alisema Papa Swedi. "Bado niko nawaza."